Kupamba na kupanga chumba nyumbani Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ninayapata kutoka kwa watu ninaowasaidia kupanga vyumba hapa Tabora mjini, kuanzia Isevya na Ng'ambo hadi Cheyo, na kutoka kwa wachache wanaopiga simu wakiwa Kigoma. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu tukiwa tumesimama chumbani na futi kamba mkononi.

Nitajuaje mtindo wangu ni upi? Simu yangu imejaa picha za vyumba na zote nazipenda.

Weka simu pembeni kwanza. Kaa kwenye hicho chumba jioni moja ya kawaida, uangalie kinachofanyika mle ndani. Watoto wanaandikia wapi madaftari yao? Mgeni akiingia anakaa upande gani bila kuambiwa? Mnakula mezani au mkekani? Kuna mtu anayelala mchana kwa sababu anaingia zamu ya usiku? Chumba kinatakiwa kiwafae watu hao, na mtindo unaanzia hapo.

Ukimaliza, rudi kwenye picha utafute kinachojirudia. Mara nyingi mtu akinionyesha picha zake, nyingi zina kitu kimoja kinachofanana bila yeye kujua: mbao za rangi ya kahawia iliyokolea, au ukuta mtupu, au vitambaa vya rangi kali. Hicho ndicho chako. Kilichobaki ni cha mpiga picha.

Jambo moja nalisisitiza sana. Picha nyingi zimepigwa kwenye nchi za baridi, ndiyo maana unaona kapeti la manyoya marefu na kochi la velveti jeupe. Sisi hapa kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua ni kama haipo, na vumbi la mchanga linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Kitu chochote unachotaka kuleta ndani, jiulize kinafutwaje, kinafuliwaje, nani atakifuta, na mara ngapi kwa wiki.

Nimepanga chumba kimoja na mwenye nyumba hataki misumari ukutani. Nifanye nini?

Chumba kimoja kinagawanywa kwa fenicha na kitambaa. Kabati la nguo likisimama kwa ubavu, mgongo wake ukielekea mlangoni, tayari una sehemu ya kulala na sehemu ya kukaa. Mgongo huo ni wa plaiwudi na hauvutii, kwa hiyo uvalishe kitenge kilichovutwa vizuri na kushikiliwa kwa pini za ubao. Picha na kioo visimamishwe juu ya kabati fupi au stuli vikiegemea ukuta, bila kutundikwa. Kioo kikubwa kikielekea dirishani kinaongeza mwanga kuliko balbu ya pili.

Fimbo ya pazia ikiwa lazima, muombe mwenye nyumba ruhusa ya matundu mawili tu, umwahidi kuyaziba siku ya kuhama. Wengi hukubali wakiombwa kwa adabu kabla ya nyundo kusikika.

Rangi gani ya ukuta inafaa, na ninunue kiasi gani?

Kwa vumbi letu, nyeupe ya theluji inachosha. Ndani ya kiangazi kimoja inakuwa na kivuli cha kahawia kuzunguka swichi, mlango na mahali watu wanapoegemea. Chagua rangi zenye udongo ndani yake: maziwa, mchanga, kijani cha jani kavu, au rangi ya tofali iliyopauka. Chini ya ukuta, kama mita moja kutoka sakafuni, wazee wetu walipaka rangi ya mafuta iliyokolea ili ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Watu wameuacha huo mtindo wakiuona wa shuleni, nami naupenda. Ukichagua rangi mbili zinazoelewana, chumba kinaonekana kirefu zaidi na watoto hawakuharibii ukuta.

Kiasi kinahesabika. Chumba cha futi 12 kwa 12 chenye ukuta wa mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha, kina ukuta wa kama mita za mraba 35. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Mikono miwili ni lita 7. Kwa hiyo galoni mbili za lita 4 zinatosha, na fundi anayekuambia ununue ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho umuombe akufanyie hesabu mbele yako. Ukuta usiopigwa skimu, lile tabaka laini la juu ya plasta, unanyonya zaidi, hapo ongeza kidogo.

Kabla ya kununua yote, paka kipande cha ukubwa wa gazeti kwenye kuta mbili tofauti. Kiangalie asubuhi, kiangalie jioni, kiangalie taa ikiwa imewashwa. Rangi ya kwenye kadi ya dukani haifanani na rangi ya kwenye ukuta wako.

Rangi inavimba na kubanduka karibu na sakafu. Nimepaka mara ya pili na bado.

Hilo ni tatizo la maji. Nyumba nyingi za tofali za kuchoma zilijengwa bila kuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu kwenye msingi, na maji ya masika yanapanda ukutani taratibu. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake unayafungia ndani, na yatatoka tu. Kwanza angalia nje: je, maji ya bati yanamwagikia ukutani? Udongo umepanda juu kuliko sakafu ya ndani? Rekebisha hayo. Kisha bandua rangi na plasta iliyooza, acha ukuta wazi ukauke kiangazi, piga plasta upya, halafu paka rangi ya maji. Kazi hii ni ya Julai na Agosti. Ukiianza Januari unatupa pesa.

Ni kweli mninga ni bora kuliko fenicha za dukani, au ni sifa tu za watu wa Tabora?

Ni kweli, ila uelewe unanunua nini.

Mninga ni mti wa misitu ya miombo, na sisi tumezungukwa na miombo. Ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao yake ikikauka haijikunji wala kupasuka ovyo, na ndiyo maana droo ya mninga iliyotengenezwa na fundi mzuri inateleza karibu vilevile mwezi wa Februari wenye mvua na mwezi wa Agosti wenye ukavu. Kiini chake, ile sehemu ya kahawia yenye mistari ya dhahabu, mchwa hawakipendi. Lakini ile mbao nyeupe ya pembeni, karibu na gome, inaliwa na wadudu upesi sana. Hapa ndipo watu wanapoumia: wanauziwa meza ya mninga ambayo upande wa chini, usioonekana, umeungwa weupe mtupu, kisha vanishi ya rangi imepakwa juu kuficha.

Ukienda kwa fundi, omba kuona kitu kabla hakijapakwa rangi. Pindua stuli. Vuta droo uitoe kabisa uangalie pembe zake: zimeungwa kwa meno yanayoingiana au kwa misumari tu? Mguu wa meza umeingizwa kwenye fremu kwa ulimi na tundu, au umegongewa pembeni? Kitu kilichoungwa vizuri hakihitaji misumari mingi. Gonga mbao kwa kifundo cha kidole. Iliyokauka inalia kwa sauti kavu, mbichi inatoa sauti nzito iliyoziba. Fundi mkweli atakuambia mwenyewe, "Mama, hii bado, nipe muda." Huyo mshikilie.

Mninga hukua polepole porini, na miti mikubwa imepungua. Ninawaomba watu wanunue mbao zenye risiti halali, zilizopitia kwa watu wa misitu, hata kama za njia ya panya ni rahisi zaidi. Ukisafirisha fenicha kwenda mkoa mwingine, karatasi hizo zinakuepusha na usumbufu kwenye vizuizi vya barabarani.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wanaidharau: mninga wa zamani. Familia zinazohama na wazee wanaogawa vitu wanauza meza, makabati na vitanda vya miaka mingi, vyeusi kwa vanishi iliyozeeka. Chini ya hiyo vanishi kuna mbao iliyokauka kuliko yoyote utakayoipata leo. Piga msasa mgumu, halafu wa kati, halafu laini, ukifuata mstari wa mbao, na utaona rangi ya asali ikirudi. Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi hii ni kumwona mtu akiitazama meza ya marehemu baba yake baada ya msasa wa mwisho.

Kama mninga umezidi uwezo, mkongo ni mgumu na mzuri kwa mlango na kitanda. Paini ni sawa kwa rafu nyepesi, mradi ipakwe dawa. Mbao za unga uliogandamizwa zinapendeza dukani lakini zikipata maji ya kudekia kwenye miguu zinavimba, na zikivimba hazirudi.

Baada ya msasa nipake nini?

Vanishi inalinda vizuri meza ya kulia chakula. Kwa kabati, kitanda na fremu za picha, mimi ni mtu wa nta. Tunaishi kwenye mkoa wa asali, nta ya nyuki inapatikana, na bado watu wanaagiza polishi za kopo.

Yeyusha nta kwenye bakuli la bati lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke moja kwa moja kwenye moto. Ikishayeyuka ipua, toka nje kabisa mbali na jiko, ndipo uongeze tapentaini kidogo kidogo ukikoroga. Ikipoa inatakiwa iwe laini kama mafuta ya kujipaka. Ikiwa ngumu, ipashe tena kwenye maji ya moto mbali na mwali wowote, uongeze. Paka nyembamba kwa kitambaa cha pamba, acha nusu saa, kisha sugua mpaka kitambaa kiteleze. Siku tatu za mwanzo harufu ya tapentaini inakuwepo, baadaye inabaki ya nta. Usitumie mafuta ya alizeti au ya mawese: hayakauki vizuri, yanashika vumbi na kuanza kunuka.

Mchwa je?

Usibananishe kabati na ukuta. Acha nafasi ya vidole vinne ili uweze kumulika tochi nyuma. Kila mwezi tafuta vile vijia vya udongo vinavyopanda kwenye pembe za ukuta. Ukivikuta, kuvikwangua peke yake hakusaidii, maana kundi liko ardhini. Mwite mtu wa dawa atibu msingi. Miguu ya vitanda na makabati ivalishe vikombe vya plastiki au bati. Unga laini ukidondoka chini ya fenicha ni wadudu wengine, wapekechaji wa mbao, na hao wanatibiwa kwa kupiga dawa kwenye vitundu vyenyewe. Oili chafu ya gari usiingize ndani. Harufu haitoki.

Kitanda cha ukubwa gani, na neti inaharibu urembo.

Neti haina mjadala. Tabora na Kigoma ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo tunaipamba, hatuiondoi. Mwambie seremala aweke nguzo nne kwenye kitanda zenye fremu juu, na neti ya pembe nne itakaa imenyooka kama pazia. Mchana unaikusanya pembe kwa pembe na kuifunga kwa utepe wa kitenge kilekile cha mito. Neti ya duara inayoning'inia katikati inakugusa usoni usiku, na mbu anakung'ata kupitia hapohapo ilipokugusa.

Ukubwa: kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, kitanda cha 5 kwa 6 kinatosha na kinakuachia njia pande mbili. Cha 6 kwa 6 kinaingia, ila utavaa ukiwa umekaa kitandani.

Nataka pazia za kitenge. Pisi ngapi?

Pima fimbo, usipime dirisha. Fimbo ipite dirisha kama sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya fimbo.

Tuseme dirisha lina mita 1.5. Fimbo ni mita 1.9, kitambaa kinatakiwa kiwe na upana wa kama mita 3.8. Pisi ya kitenge ina yadi 6, yaani mita 5.5 hivi, na upana wa kama mita 1.15. Pazia la kushuka mpaka karibu na sakafu linakula mita 2.4 pamoja na mikunjo, kwa hiyo pisi moja inatoa mapande mawili. Mapande mawili yana upana wa mita 2.3 tu, hayatoshi, yatavutika kama shuka kwenye kamba. Nunua pisi mbili upate mapande manne. Kipande kinachobaki kwenye kila pisi kinatosha foronya moja ya mto wa kochi.

Kifue kitenge kabla ya kukipeleka kwa fundi cherehani, kwa sababu kikifuliwa kinarudi, yaani kinapungua urefu. Na kiwekewe bitana ya kitambaa cheupe nyuma, la sivyo jua litakichovua rangi upande mmoja kabla ya mwaka kuisha. Chagua pisi zote siku moja kutoka duka moja. Rangi ileile ikirudi na mzigo mwingine inaweza kuwa na tofauti kidogo, na tofauti hiyo inaonekana vitambaa vikining'inia pamoja.

Sebule yangu ni ndogo na ninataka seti kamili ya makochi.

Chora kwanza kwa chaki sakafuni. Kochi la watu watatu lina kama mita 2 kwa sentimita 85. Lichore, chora na ya mtu mmoja mmoja, chora meza ya kati, halafu pita na sinia mkononi. Njia ya kupita iwe angalau sentimita 75, na kati ya kochi na meza kuwe na sentimita 40. Wengi wakishapita mara mbili wanafuta wenyewe kochi moja.

Ninachopendekeza: kochi moja la watu watatu, lenye mikono myembamba na miguu inayoonekana ili ufagio upite chini, na stuli nne au tano zinazoingia chini ya meza. Wageni wa msiba, wa arusi na wa ubatizo hawaji kila wiki. Wakija, stuli zinatoka na mkeka unatandikwa. Pima pia mlango wa nje kabla ya kulipa. Kochi lililokwama mlangoni linaishia barazani.

Chumba kinawaka moto jioni. Feni haisaidii.

Uliza ukuta wako unaelekea wapi. Huku magharibi jua linachelewa: Tabora linazama kama dakika 25 baada ya Dar es Salaam, Kigoma kama dakika 40. Ukuta wa magharibi unachomwa mpaka karibu saa moja, na usiku unarudisha joto ndani. Usiweke kichwa cha kitanda huko. Weka kabati la nguo, likinge. Nje ya dirisha hilo weka jamvi la kukunja au panda mti. Mwembe wa jirani ambao majani yake yanakukera unakufanyia kazi kubwa Oktoba, mwezi wa joto kuliko yote kwetu.

Niko Kigoma, ushauri ni uleule?

Sehemu kubwa, ndiyo. Tofauti ni tatu. Kigoma iko chini kuliko Tabora na hewa yake ina unyevu zaidi, kwa hiyo nguo ndani ya kabati lililobanana zinashika ukungu. Mwambie fundi atoboe matundu ya hewa nyuma na juu. Fenicha ikitoka Tabora wakati wa kiangazi ikaja ziwani, inaweza kuvimba kidogo, na droo iliyobana sana itakwama. Acha nafasi ya unene wa kadi ya simu.

Tofauti nzuri ni kwamba maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi. Kitanda cha chuma na grili haviliwi na kutu kama pwani, kwa hiyo fremu za chuma zenye ubao wa mninga juu zinafaa sana kwenye mitaa ya Kigoma kama Mwanga, Gungu au Bangwe.

Na kama una bahati ya dirisha linalotazama ziwa, kumbuka linatazama magharibi. Saa kumi na moja jioni mwanga unakuja mara mbili, kutoka juani na kutoka majini. Usilizibe kwa pazia zito. Weka kitambaa chepesi cheupe kinachopitisha mwanga, na chini yake benchi fupi lenye mito, upana wa sentimita 50. Hapo ndipo watu watakapokaa, hata ukiwa na makochi mazuri namna gani upande wa pili.

Ninataka chumba chenye asili ya Kinyamwezi lakini kisionekane kama duka la vinyago.

Kitu kimoja chenye uzito kinatosha. Wanyamwezi walichonga viti vya miguu mitatu kutoka kwenye gogo moja, na vile vya watemi, yaani machifu wao, vilikuwa na mgongo mrefu. Fundi anayejua kuchonga akikutengenezea kigoda cha namna hiyo, kiweke mahali kinapoonekana, na pembeni yake usiweke chochote.

Nenda pia Kwihara, karibu na Tabora mjini, kwenye tembe ambamo Livingstone aliishi mwaka 1872. Watu wanakwenda kwa ajili ya historia. Wewe angalia nyumba: kuta nene za udongo, vyumba vyenye baridi, ua wa ndani, mlango uliochongwa, na karibu hakuna pambo lingine. Urembo wote umewekwa mlangoni. Unaweza kufanya vivyo hivyo kwa fremu ya kioo au ubao wa kichwani mwa kitanda.

Taa gani?

Soma boksi la balbu, utafute namba yenye K, inayoonyesha rangi ya mwanga. Yenye 6500K ni nyeupe ya buluu, nzuri jikoni. Sebuleni na chumbani tafuta 3000K, inapendezesha mninga na ngozi za watu. Taa moja ya dari ikisaidiwa na moja ya mezani kwenye kona inatosha.

Maua ya plastiki?

Yakifuliwa kila wiki. Hakuna anayeyafua. Panda mmea wa ulimi wa mama mkwe kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini, unavumilia ukame na kivuli.

Fedha ni kidogo. Nianze na nini, na nimlipeje fundi asinisumbue?

Anza na godoro, neti na pazia, kwa sababu usingizi na faragha havingoji. Kisha rangi. Fenicha kubwa iwe moja kwa wakati, hata kama itakaa peke yake chumbani kwa miezi.

Kwa fundi, andika kwenye karatasi: aina ya mbao, urefu, upana, kina, idadi ya droo, aina ya vitasa na tarehe. Nyote wawili mtie sahihi, kila mtu abaki na nakala. Toa sehemu ya kwanza ya kununulia mbao na uende naye kuzichagua. Toa sehemu ya pili ukishaona fremu imesimama, haijapigwa vanishi. Ya mwisho itoke kitu kikiwa chumbani kwako, umefungua na kufunga kila droo, umekitikisa, na umepita kidole chini ya ubao wa meza.